Jina Langu Halimo Kati ya Kumi

Barrow Wells, Texas
Jumapili, baada ya ibada

Kaka yangu Delbert,

Naamini barua hii itakukuta umerudi salama kutoka safari ya Denver, viatu umevua, na Charlene anakugombeza kwa vumbi uliloingia nalo ndani. Goti linaendeleaje? Daktari alikuambia upumzike, nami nakujua, kupumzika kwako ni kubadilisha lori. Mpe Charlene pole ya nyonga, na umwambie jemu ya pichi aliyonitumia imekwisha, mtungi nitaurudisha, asinune. Mimi mwili haujambo. Mvua hatujaiona tangu Machi, mchanga umeingia hadi kwenye bakuli la sukari, na Ijumaa iliyopita vijana wetu walifungwa tena mpira wakiwa nyumbani, kwa hiyo mji mzima unatembea umeinamisha kichwa.

Kadi yako nimeipata. Unasema ulikuwa kwenye foleni ya mizani kule New Mexico uliposikia redioni kwamba Yesenia Carrasco ameshinda kesi ya lori la mchanga, na kwamba mimi nilikuwa mmoja wa watu kumi na wawili wa jopo walioisikiliza. Unasema ulipiga honi peke yako mpaka dereva wa mbele akashuka kuuliza kuna nini. Halafu ukaniuliza nilijisikiaje kumwona binti niliyemfundisha kazi akishinda mbele ya macho yangu mwenyewe. Kadi yako nimeibandika kwenye friji, na kila nikienda kuchukua maziwa inaniuliza tena. Kukujibu kwa simu nimeshindwa, maana ungesikia sauti yangu ukajua, halafu ungeanza mzaha wako ili kunipunguzia. Nakuomba leo usinipunguzie kitu.

Kazi yangu unaijua tangu ilipoanza. Nilikuwa wakili wa talaka na wa ng'ombe waliovuka ua wa jirani, hadi visima vya mafuta vilipofumuka huku kwetu na barabara zikajaa malori ya maji, ya mabomba na ya mchanga. Wajane wakaanza kuja. Sikujua tofauti ya breki ya upepo na pampu ya baiskeli. Ni wewe uliyenipeleka kwenye uwanja wa mnada wa mifugo, ukanipandisha nyuma ya usukani, ukanifokea juu ya gia mpaka nikalia, na mwisho nikapata leseni ya lori kama wewe. Baada ya hapo mtu akigongwa na lori kati ya hapa na mpaka wa New Mexico, jamaa zake walitoka kwa mchungaji wakaja kwangu. Nilikuwa nampandisha dereva kizimbani namchana kama turubai, na watu walikuwa wanatoka kazini mapema waje kutazama.

Wewe hukuja hata siku moja. Ulisema huwezi kukaa kwenye benchi ukamtazama dada yako akimchana mtu anayekula mkate uleule unaokula wewe. Nilikasirika, kisha nikazoea.

Na Yesenia nilimtoa kwenye dirisha la mama yake, pale walipokuwa wakiuza burito, zile chapati za kukunja, kwa madereva alfajiri. Alikuwa anajua kampuni ya kila lori na jina la kila dereva. Nikamchukua apokee simu ofisini. Baadaye nikampeleka akasome sheria Lubbock, akarudi, nikamfundisha kila nilichokijua, na ulipokuja kututembelea ukampeleka naye kwenye uwanja wa mnada. Nakumbuka hukumfokea. Nilisimama kwenye ua nikakuona unacheka naye ndani ya kile kichwa cha lori, na ukaniambia jioni kwamba huyu binti ana mkono mwepesi wa gia kuliko mimi. Ulisema vile kama mtu anayesema habari za hewa. Kaka, sijakusamehe.

Alipoondoka kwangu akafungua ofisi yake mbele ya mahakama. Hakugombana nami, aliniletea keki. Kisha likatokea bango kwenye Barabara ya 285, uso wake ukubwa wa ghala, na chini ameandika kwamba anazijua barabara zetu. Nilimwambia kila aliyekuwa na masikio kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza, nikisahau kuwa bango langu mwenyewe lilisimama pale pale mpaka upepo ulipoliangusha. Wateja wakaanza kupita mlangoni kwangu wakiangalia mbele. Nilianza kuzunguka njia ya shamba la pamba kwenda Odessa, barabara ndefu ya mashimo, ili nisipite chini ya uso ule. Mtu wa umri wangu, kaka, napigwa na mashimo kwa sababu ya picha.

Sasa kesi yenyewe. Efrén Urias, mchomeleaji, alikuwa anakwenda kazini alfajiri. Lori la mchanga lilipita kwenye njia panda bila kusimama, likampiga. Mkewe Rosalba, yule anayesimamia jiko la kanisa la Wakatoliki, alibaki na watoto wadogo. Ningesema uongo nikikuambia sikumngoja. Nilinunua kahawa nzuri kwa ajili yake. Akaenda kwa Yesenia.

Kampuni ilikataa katakata. Ilimleta wakili kutoka Dallas, Preston Gaddis, mwenye viatu vya ngozi ya mbuni na sauti ya mtangazaji wa mazishi, aje aseme kwamba Efrén ndiye aliyekuwa anakwenda kasi na kwamba dereva wao alijitahidi. Siku ya kesi ilipopangwa, mahakama ikatuma miito kwa wananchi waje kuchaguliwa kwenye jopo, na mmoja ukaangukia sanduku langu la barua.

Unajua mawakili hawapewi msamaha hapa Texas, tunaitwa kama watu wote. Lakini hakuna anayetukalisha. Kila upande unaruhusiwa kuwafuta watu sita bila kutoa sababu, na wakili ndiye wa kwanza kufutwa, kwa kuwa hakuna anayetaka mtu anayejua kazi yake amkodolee macho. Nilikwenda nikiwa na uhakika wa kurudi nyumbani kula mchana. Jaji Tackett akauliza nani anawafahamu mawakili, nikainua mkono, watu wakacheka, maana mji mzima unajua. Akaniuliza kama naweza kuisikiliza kesi hii kwa haki, bila chuki wala upendeleo. Nikasema ninaweza.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na yaliharibika kwa namna ambayo ni mawakili tu wanaoweza kuharibu. Gaddis alikuwa na hakika kwamba Yesenia atanifuta, kwa sababu alishaambiwa kwamba namchukia. Yesenia naye alikuwa na hakika kwamba Gaddis atanifuta, kwa sababu nimeishi maisha yangu yote kwa kuyashtaki malori. Kila mmoja akaona ni upuuzi kupoteza nafasi juu ya mtu ambaye mwenzake atamwondoa. Mwandishi wa mahakama aliposoma majina kumi na mawili na langu likiwemo, niliwaona wote wawili wanaitazama karatasi, kisha wanatazamana. Gaddis alikuwa wa kwanza kutabasamu.

Ungekuwepo ungeniambia nisimame nimwambie jaji kwamba siwezi. Nami nilijua napaswa kusimama. Nilikaa. Nilitaka kumwona akikosea, Delbert, na nilitaka kumwona kwa karibu.

Siku za mwanzo nilikuwa kama mtu anayemtazama mwingine akiendesha gari lake. Alipouliza swali, miguu yangu ilikanyaga breki chini ya kiti. Ile kamba yangu, ambayo nilikuwa naifungua kutoka meza ya jaji mpaka nje kwenye ngazi ili watu waone umbali ambao lori linauhitaji ili kusimama, hakuitumia. Alisema tu kwamba lori lile, kwa uzito ule, linataka uwanja mzima wa mpira kabla ya kusimama, goli hadi goli, na kwa kuwa nusu ya jopo walicheza kwenye uwanja ule na nusu nyingine wana watoto wanaocheza sasa, niliona kila mtu anaukimbia kichwani mwake. Roho iliniuma. Kamba yangu ilinichukua wiki kuibuni, yeye katumia sentensi moja.

Kisha akamwita dereva. Kijana anaitwa Tobin, mwembamba, shati la kuazima. Nikajiweka sawa kwenye kiti, nikasema moyoni sasa ndipo tutakapoona, kwa sababu mimi ningemla mbichi. Ningemuuliza alikuwa na usingizi au la, na akisema la ningemwita mwongo, na akisema ndiyo ningemwita muuaji. Yesenia alimletea maji. Alimuuliza ana watoto wangapi, na mdogo ameanza kutembea? Akamuuliza kuhusu foleni ya kupakia kwenye mgodi wa mchanga, na malori yalikuwa mangapi mbele yake, na kama kule kwenye foleni kuna choo. Akamuuliza kama analipwa akiwa anangoja. Tobin akasema hapana, wanalipwa kwa safari. Akamuuliza alipompigia simu msimamizi wake kumwambia amechoka, aliambiwa nini. Gaddis akasimama kupinga, jaji akamwambia akae. Yule kijana akatazama mikono yake, akasema aliambiwa kwamba kama amechoka wapo wengine wanaotaka kiti chake. Akalia, kaka. Na Rosalba Urias, mjane, kwenye benchi la mbele, akamlilia mtu aliyemuulia mume.

Simba mwenda pole ndiye mla nyama, tunausema usemi huu kila siku, na mimi katika miaka yote ya kazi sikuwahi kuufuata. Nilijua papo hapo alikoupata. Mimi sikumfundisha vile. Yale ni maswali yako, ya ndani ya lori, ya wewe na yeye mkizunguka uwanja wa mnada mkicheka wakati nimesimama kwenye ua. Mimi ulinipa gia. Yeye ulimpa madereva.

Tulipofungiwa kwenye chumba cha jopo kuamua, tulikula kidari cha ng'ombe kilicholetwa na mahakama, kikavu, ungekitupa, kisha tukapiga kura ya kwanza. Tisa walisema kampuni ina makosa. Watatu walisema haina. Huku kwetu kumi wanatosha, kwa hiyo Rosalba alikuwa anamhitaji mtu mmoja. Watatu wenyewe walikuwa binti wa duka la vyakula vya mifugo, ambaye mjomba wake anaendesha malori ya mchanga na alikuwa na hofu ya kweli, Mzee Clovis Beane, mfugaji wa kule barabara ya Pyote, aliyesema hajaelewa vizuri habari ya breki, na mimi.

Wote waligeuka wakanitazama. Walijua nimekula chumvi nyingi katika mambo haya. Mama mmoja akasema, kwa upole, kwamba kama Bi Nadine hajaridhika basi pana jambo wao hawajaliona. Ningeweza kukaa kimya hapo. Jaji alituagiza kwamba mtu asiwafundishe wenzake kwa utaalamu wake, tuamue kwa yale yaliyosemwa mahakamani tu. Mimi nikafungua mdomo. Nikawaeleza kile kisanduku cha injini ambacho kinaandika mwendo wa lori na breki zilikanyagwa lini, jinsi kinavyoweza kusoma vibaya gurudumu likiteleza, jinsi saa yake inavyoweza kupishana. Kila neno lilikuwa la kweli kwa namna yake, na nilikuwa nalisema nikijua kwamba kwa lori hili halihusiki. Nilizungumza vizuri sana. Niliona wawili katika wale tisa wameanza kukuna videvu.

Mzee Clovis alikuwa anachonga njiti ya kiberiti kwa ukucha. Akaniambia, taratibu, "Bi Nadine, jaji kasema kila mtu anyamaze na utaalamu wake. Mimi nimekaa wiki nzima bila kutaja ng'ombe, na unajua inavyoniuma." Watu wakacheka. Nami nikacheka. Kisha akasema ananikumbuka. Alisema aliwahi kukaa kwenye jopo la kesi yangu, ile ya lori la mabomba, wakati mkewe yu hai bado, na kwamba nilisimama mbele yao nimekishika kile kisanduku mkononi nikasema watu husahau, watu huogopa, watu hudanganya, lakini hiki hakina mtoto wa kulisha wala bosi wa kumwogopa. Akasema maneno yale yalimkaa, amewahi hata kumwambia mwanawe. "Sasa nataka kujua," akasema, "kimeanza kudanganya lini?"

Nilisema kila kesi na mambo yake. Akanitazama bila ubaya, kama anavyomtazama ndama asiyenyonya. Akasema yeye alikuwa anangoja aelezwe habari ya breki, na sasa ameelezwa: kama mtu anayejua kuliko wote chumbani inambidi ayale maneno yake mwenyewe ili amkatalie mjane, basi mjane anasema kweli. Akaomba kura ipigwe tena. Wakawa kumi.

Msimamizi wa jopo aliniomba nami nitie jina, wawe kumi na mmoja, au hata kumi na wawili. Alisema ingependeza. Ninajua sheria, na unaijua kwa kunisikia: wakikubaliana wote, msimamizi anatia saini peke yake; wasipokubaliana wote, kila aliyekubali anaandika jina lake. Karatasi ilizunguka meza. Ilipofika kwangu nikaisogeza mbele kwa kidole kama sahani ya chakula nisichokitaka. Binti wa duka la mifugo naye hakutia saini, lakini yeye alikuwa na sababu.

Mahakamani Gaddis, kwa kuwa ameshindwa, akaomba tuulizwe mmoja mmoja kama huu ndio uamuzi wetu. Kumi wakasema ndiyo. Ilipofika zamu yangu nikasema hapana, na sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Rosalba hakuelewa, alikuwa analia na kuwashika watu mikono. Yesenia alielewa. Hakukasirika. Alinitazama kama alivyokuwa ananitazama ofisini nikimrudishia kazi imejaa wino mwekundu.

Kiasi walichompa sitakiandika, umekisikia redioni. Nataka ufike kwenye korido, kwa sababu yaliyotokea hapo ndiyo yaliyonitoa usingizi.

Unajua desturi yetu mawakili. Kesi ikiisha tunasimama koridoni, tunawauliza watu wa jopo tulikosea wapi, ili tujifunze. Nilimfundisha mwenyewe asiondoke kamwe bila kuuliza. Akawauliza wote, akawashukuru, mpaka wakaisha nikabaki mimi na pochi yangu. Akaja. Akasema, "Bi Nadine, nimekosea wapi?" Hakuwa na kejeli hata chembe. Nilitafuta, kaka. Nilipita kesi nzima kichwani kutoka mwanzo hadi mwisho, nikitafuta hata swali moja lililokaa vibaya. Halikuwepo. Na kijiba cha roho kilinijaa, nikamwambia kwamba alikuwa laini mno kwa dereva. Nikamwambia jopo lilimwona dhaifu, kwamba amenusurika safari hii, na dereva ajaye amchane, kama nilivyomwonyesha. Akaitikia kwa kichwa. Akanishukuru. Akasema ana kesi nyingine baada ya Sikukuu ya Shukrani na atalirekebisha hilo.

Basi hilo ndilo jibu la kadi yako. Sikujisikia fahari. Nilimnyima mjane jina langu, nikavunja agizo la jaji, halafu nikampa mtoto niliyemlea ushauri wa kumharibu, na yeye akaupokea kama zawadi.

Nilidhani nitaweza kuishi nalo. Niliweza hadi Alhamisi. Mchana ule nikavuka barabara nikaenda ofisini kwake, nikijiambia nakwenda kumrudishia sahani ya ile keki. Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa amemketisha karani wake katikati ya chumba awe dereva, anafanya mazoezi ya kesi inayokuja, na nilisikia sauti yangu. Maneno yangu, kidole changu, hata ule mnyamazo wangu kabla ya kumwita mtu mwongo. Karani alikuwa amejikunyata. Na nitakuambia, kwa kuwa nimeshaanza kusema: kitu cha kwanza nilichosikia moyoni ni furaha. Nilisema, haya, amerudi kuwa mdogo wangu. Atashindwa, na akishindwa atakuja kuuliza tena.

Kisha yule karani akanyanyua uso akaniona, na nikaona anavyonitazama kana kwamba ni mimi ninayemfokea. Ni mimi kweli. Miaka yangu yote ilikuwa pale kwenye kile kiti, na wewe ulikuwa nyumbani Amarillo hukuja kuitazama, na ulikuwa na haki.

Nikaingia. Sikumpa sahani. Nilimwambia, "Hukukosea popote. Ndiyo maana jina langu halimo."

Nilitegemea Yesenia anifukuze, nilikuwa nimeshajiandaa na kiburi cha kutokea nacho. Akamwambia karani aende akale. Akavuta kile kiti akakigeuza kunielekea, akasema, "Keti basi, uwe dereva wewe." Nikaketi, pochi mapajani. Akakaa mbele yangu, si juu yangu, akaanza upya na sauti yake mwenyewe. Akaniuliza siku ile nililala vizuri? Nikasema hapana. Akaniuliza nimechoka tangu lini.

Kaka, nilimwambia kila kitu. Nilimwambia habari ya uwanja wa mnada na ya kahawa niliyomnunulia Rosalba na ya njia ya shamba la pamba. Nilimwambia nilivyozungumza mle chumbani juu ya kisanduku. Ningemwambia hata dhambi za baba yetu kama angeuliza. Hakuwahi kupandisha sauti. Alipomaliza alinipa leso ya karatasi, na akasema aliyoyasikia kuhusu chumba cha jopo itabidi ayapeleke kwa Jaji Tackett, na Gaddis pia aambiwe, hata kama itaitikisa kesi aliyoshinda, kwa sababu ni wakili. Nikamwambia hana haja ya kunisema, nitakwenda mwenyewe. Jumatatu asubuhi nakwenda. Sijui jaji atanifanya nini, huenda akaniondolea leseni ya uwakili, huenda akanifokea tu. Kwa Rosalba sidhani kitabadilika kitu, maana niliyoyasema yalikuwa ya kumpinga yeye na bado alishinda, lakini Gaddis ni Gaddis, naye atajaribu.

Ni hodari kuliko mimi. Nimeliandika mara moja, usinitake nilirudie ukija.

Na uje. Sikukuu ya Shukrani nitapika mimi, bata mzinga na ule mkate wa mahindi wa mama, na nimemwalika Yesenia na mama yake, wamekubali. Mtazungumza malori mpaka chakula kipoe, najua, nami nitawaacha. Lakini wakati wa kula keti upande wangu, Delbert. Yeye ana kila kitu, na mimi nina kaka mmoja.

Msalimie Charlene, na mbwa wenu kipofu, na jirani yako wa trela ambaye jina lake huwa nalisahau. Endesha polepole kwenye upepo wa Amarillo, na ukichoka, simama, waache mabosi wako wakupe maneno yao.

Dada yako mwenye roho mbaya lakini anayekupenda,

Nadine